Uzuri wa Sinema U Wapi?

Wasikilizaji wetu, wako wasemao kwamba sinema haina hakimu: kila mtu na apendacho. Na tutazame. Mwaka 1939, mjini Paris, Jean Renoir alionyesha picha yake, La Règle du jeu. Watu wakaizomea, ikakatwakatwa, kisha serikali ikaipiga marufuku. Mwaka 1959 ilionyeshwa tena, vipande vyake vimeunganishwa, na wajuzi wengi wakaihesabu miongoni mwa picha bora za dunia. Hadithi ni ile ile. Waliogeuka ni watazamaji.

Basi kupenda ni kwa moyo, wala hatushurutishwi. Lakini kuhukumu kwataka sababu. Tukichukizwa na picha, kwanza tujiulize: kosa ni lake, au ni la haraka yetu?