Nyumba ya Wazee

Mzee asiye na mtoto wala mjukuu atatunzwa na nani? Hapa Mutanga Sud twazoea kujibu, "Na jirani zake." Lakini jirani huhama, na mzee hubaki.

Mwaka 1839, huko Ufaransa, Jeanne Jugan, mwanamke maskini aliyeishi kwa vibarua, alimchukua bibi mmoja kipofu akampa kitanda chake mwenyewe. Ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Huko Kasarani, Nairobi, masista hao wana makao yaitwayo Nyumba ya Wazee, ambayo hupokea wazee maskini wa dini yoyote.

Kazi ya makao ya namna hii si chakula na malazi tu. Kazi kubwa ni kuangalia. Sahani ikirudi na chakula, mtu huuliza sababu. Dawa hutolewa kwa saa yake. Aliyenyamaza siku mbili huketishwa pamoja na wenzake, maana upweke nao ni maradhi. Awezaye kuchambua maharagwe hupewa ayachambue, ajue kwamba bado yu mtu wa kutegemewa.

Ndugu zangu, nanyi mliokwisha kumaliza masomo, fedha mnazowatumia wazee ni njema, lakini fedha haina macho. Yafaa awepo mtu wa kubisha hodi kila siku.