Vidole baridi, moyo mbio: mpiga piano anapokaribia jukwaa

Mpiga piano wa jazi wa ridhaa, anayeshinda ofisini na kufanya mazoezi usiku, akiitwa kucheza mbele ya watu mwili wake hupokea wito huo kama hatari. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, na mishipa midogo ya damu mikononi husinyaa ili damu iende kwenye misuli mikubwa, ile ya kukimbilia. Ndiyo maana vidole huwa baridi na vizito wakati ule ule vinapotakiwa kuwa vyepesi. Viganja hulowa jasho. Mguu wa kulia, unaokanyaga pedali, huanza kutetemeka, na hauna pa kufichwa.

Huu si ugonjwa, wala si dalili ya kukosa kipaji. Lakini katika jazi woga una madhara ya pekee, kwa sababu solo hubuniwa papo hapo.

Mwaka 2008 watafiti Charles Limb na Allen Braun, nchini Marekani, walichapisha utafiti wa wapiga piano sita wa jazi. Kila mmoja alilala ndani ya mashine ya MRI, kinanda kidogo kisicho na chuma kikiwa mapajani, akacheza muziki aliokariri na kisha akabuni wake. Walipobuni, eneo la mbele ya ubongo, ubavuni, linalohusika na kujikagua na kujizuia, lilipunguza kazi. Eneo la katikati la sehemu hiyo hiyo ya mbele, linalohusishwa na mtu kujieleza, likachangamka. Walikuwa sita tu, tena wataalamu, kwa hiyo tusiukuze utafiti huo kupita kiasi. Hata hivyo unalingana na jambo ambalo wanamuziki wanalijua: mkaguzi wa ndani akikaa kimya, mikono husema.

Woga humwamsha mkaguzi huyo. Mtu huanza kufikiria kidole cha nne kiende wapi, na ufundi uliozoeleka kwa kurudiarudia huvurugika pale unaposimamiwa hatua kwa hatua. Kisha anakosea noti moja, anaiwaza, na ya pili inaharibika kwa sababu ya ile ya kwanza.

Mpiga piano wa jazi Herbie Hancock amesimulia kwamba katika onyesho moja miaka ya 1960, aligonga sauti isiyofaa kabisa mpiga tarumbeta Miles Davis alipokuwa katikati ya solo. Davis alisita kidogo, kisha akapuliza noti zilizoifanya sauti ile iwe sahihi. Kwangu mimi, hakuna somo bora kwa mpiga piano wa ridhaa: noti iliyokosewa bado inasubiri kuamuliwa na ile inayofuata.

Mwili nao husaidika. Pasha mikono joto kwa maji ya uvuguvugu. Pumua polepole, kama mara sita kwa dakika, ukirefusha pumzi ya kutoka, maana hiyo huamsha neva ya vagasi inayotuliza moyo. Imba wimbo kichwani kabla ya kuihesabia bendi, kwani adrenalini humfanya mtu aanze haraka mno. Usijilazimishe kujiambia umetulia; jiambie una shauku: mtafiti Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha mwaka 2014 kwamba waimbaji wa karaoke waliojiambia wana shauku waliimba vizuri kuliko waliojiambia wana wasiwasi. Na kabla ya siku yenyewe, cheza mbele ya jamaa na majirani, hata wawili, tena mara baada ya kupanda ngazi, ili vidole vizoee kufanya kazi moyo ukidunda.

Kuna wanaomeza propranololi, dawa ya moyo na presha inayozuia adrenalini isiuendeshe moyo mbio na inayopunguza kutetemeka. Inafanya kazi, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuhatarisha maisha, na kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini inaweza kuficha dalili za sukari kushuka. Usipokee kidonge hicho kutoka kwa mwenzako wa bendi nyuma ya jukwaa. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya onyesho.