CAN: Dakika za mwisho, miguu inapokuwa mizito

Mchezaji wa kiungo anakimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi moja, lakini nguvu yake haibaki ile ile. Kipindi cha pili mbio kali zinapungua, zaidi katika dakika 15 za mwisho: sukari iliyo akiba ndani ya misuli inapungua, na maji ya mwili yanapotea kwa jasho.

Léopards ya Congo ilipita njia hiyo kwenye CAN nchini Côte d'Ivoire. Tarehe 28 Januari 2024, mjini San-Pédro, ilicheza dakika 120 na Misri, 1-1, kisha ikashinda kwa penalti 8-7, kipa Lionel Mpasi akifunga ya mwisho. Siku tano baadaye ilikutana na Guinea, timu ambayo haikucheza muda wa nyongeza. Congo ilishinda 3-1, na mabao yake mawili yaliingia kipindi cha pili, kupitia Wissa na Masuaku.

Ndiyo maana kocha anachunga wachezaji wake wa akiba. Leo anaweza kubadilisha watano, na miguu mipya inaweza kuamua mechi wakati wengine wamechoka.