Breki: Kwa Fundi au kwa Wakala?

Mwenye motokaa hapa Kwamsisi akisikia breki zinalia, hujiuliza: Niende gereji ya Korogwe, au kwa wakala wa kampuni Dar es Salaam?

Wengi husema, "Kwa fundi ni rahisi." Pengine ni kweli, lakini pigeni kwanza hesabu yote. Bei ina sehemu mbili: vipuri na ufundi. Kila mmoja azitaje mbalimbali, tena aseme pedi zake ni za namna gani. Bei ya pedi halisi hailinganishwi na ya pedi bandia. Kwa wakala, ongezeni mafuta ya safari na siku za kazi mtakazopoteza. Tena, motokaa yenye breki mbovu haifai kwa safari ndefu hiyo. Basi iko njia ya tatu: agizeni pedi halisi kwa wakala, kisha fundi mnayemwamini azifunge.

Popote mtakapotengeneza, shikeni haya. Pedi za gurudumu la kulia na la kushoto hubadilishwa pamoja, la sivyo gari huvuta upande. Pedi iliyobaki milimita 3 yafaa kubadilishwa. Mafuta ya breki hunyonya maji. Mengi hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi. Daini risiti, nazo pedi za zamani mzione kwa macho.

Shilingi ikipotea hutafutwa tena. Mgonjwa mnayempeleka hospitali, na watoto waliokaa nyuma, hawatafutwi tena.