Mti wako hauchanui? Huenda umeshiba mno

Lalamiko hili halikauki kwa watu wa bustani: mkrismasi umekua, kivuli kinatosha kuwekea viti, lakini mwaka unaisha na ua halionekani. Mwenye nyumba akidhani mti una njaa, huuongezea samadi na maji, nao huzidi kutoa majani. Ukweli ni kinyume chake. Miti mingi ya maua tunayoipanda katika maeneo ya joto huchanua vizuri baada ya kuonja kiangazi, wala si kwa kushibishwa.

Asili ya mkrismasi ni Madagaska, katika misitu mikavu ya kaskazini na magharibi ya kisiwa hicho, ambako mvua hukatika kwa miezi mingi kila mwaka. Huko mti hupukutisha majani na kupumzika, kisha joto linapopanda ndipo huchanua. Tabia hiyo haukuiacha ulipoletwa kwetu. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, miezi mikavu baada ya masika huupa mapumziko, na kuelekea Desemba barabara nzima huwa nyekundu. Ukiumwagilia kila jioni mwezi wa Agosti, unaunyima mapumziko hayo.

Upande wa mbolea, mshitakiwa mkuu ni nitrojeni, iliyojaa kwenye urea na kwenye samadi ya kuku. Hiki ni chakula cha majani na matawi. Hata asiyeuwekea mti wake chochote anaweza kuwa anaulisha bila kujua: mizizi ya mkrismasi hutambaa karibu na uso wa ardhi, hivyo ukitia urea kwenye ukoka na kuumwagilia, mti nao unakula. Mche mchanga unahitaji maji na mboji kwa misimu miwili ya kwanza ya ukame. Ukishashika ardhi, uachie mvua.

Kabla ya kuulaumu mti, hesabu umri wake. Mkrismasi uliotokana na mbegu huweza kuchukua miaka mitano au zaidi kabla ya kutoa ua la kwanza, na ukisongwa na kivuli cha ghorofa au mwembe utachelewa zaidi. Angalia pia panga la mtunza bustani. Maua hutokea kwenye ncha za matawi, kwa hiyo anayepogoa Septemba ili uwanja uwe nadhifu kwa sikukuu anayakata maua yenyewe. Pogoa mara tu maua yanapokwisha, na anza na matawi makavu na yanayosuguana.

Kuotesha si kazi ngumu. Maganda marefu meusi yanayoning'inia mtini yana mbegu ngumu kama mfupa, na ukizifukia hivyo hivyo zinaweza kukaa miezi bila kuota. Shika mbegu moja, usugue ubavu wake kwa msasa mpaka rangi ya kahawia itoke na weupe wa ndani uanze kuonekana, kisha iloweke usiku kucha. Asubuhi utaikuta imevimba. Ile isiyovimba isugue tena. Panda kwenye kiriba chenye udongo uliochanganywa na mchanga, na uhamishe mche masika yanapoanza.

Kabla ya hapo, chukua futi kamba. Mkrismasi hufika mita 10 na zaidi kwenda juu, na mwavuli wake aghalabu hupita kimo chake kwa upana. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba katikati, hauna mahali. Mizizi yake huinua sakafu ya uwanja na kupasua ukuta, na matawi yake hukatika kwa upepo mkali. Uweke angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, karo la maji taka na nyaya za umeme. Kibobakasi, chenye machipukizi ya maua yaliyojaa maji ambayo watoto huyabinya na kurushiana, nacho kina mbao laini na hakifai karibu na paa.

Mwenye eneo dogo atafute mfranjipani. Hauzidi sana mita sita, huvumilia ukame na hukubali hata chungu kikubwa. Kata tawi lililokomaa, lenye urefu wa mkono hadi kiwiko, uliweke kivulini kama wiki moja mpaka utomvu mweupe ukauke, ndipo ulipande kwenye udongo wa kichanga. Ukilipanda siku hiyo hiyo na kulimwagilia sana, litaoza. Utomvu huo huwasha, hivyo vaa glavu na uyalinde macho.

Wa Nairobi na Arusha wana mjakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini anayependa nyanda za juu. Huko huchanua zambarau kati ya Septemba na Novemba, wakati pwani yenye joto na unyevu mara nyingi hutoa maua haba, hata ukitunzwa vipi.

Kwa hiyo, ukifika kitaluni, picha ya ua isikuteke. Muuzaji aulizwe mambo matatu: mti utafika upana gani, mizizi yake inakwendaje, na unataka kiangazi cha namna gani. Akishindwa kuyajibu, nenda kitalu kingine.