Uwanja Una Mwenyewe

Mtu wa Manono, nchini Kongo, hahitaji kuwa amewahi kushika fimbo ya gofu ili aielewe hoja hii. Inatosha awe ameona timu ya mbali ikija kucheza mpira wa miguu kwao wakati wa kiangazi: udongo umekauka, mpira unadunda juu kuliko wageni walivyozoea, na wenyeji tayari wanajua utaangukia wapi. Ila udongo ule hakuupanga mtu. Katika gofu ya timu, uwanja hupangwa, na anayeupanga ni mwenyeji.

Katika mpira wa miguu mwenyeji hana uhuru huo. TP Mazembe walipoifunga Espérance ya Tunis mabao 5-0 mjini Lubumbashi mwaka 2010, katika mechi ya kwanza ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, unaweza kuzitaja kelele za mashabiki na uchovu wa safari. Lakini urefu na upana wa uwanja umewekewa mipaka na sheria, na goli ni lilelile Lubumbashi na Tunis. Uwanja wa gofu hauna kipimo kimoja. Nahodha wa timu mwenyeji ana kauli kuhusu upana wa njia ya nyasi fupi ambamo mpira unatakiwa kutua, urefu wa nyasi za pembeni, na kasi ya mpira unapoviringika karibu na shimo.

Mashindano yanayoonyesha jambo hili waziwazi ni Kombe la Ryder. Yalianza mwaka 1927 kati ya Marekani na Uingereza, na tangu 1979 Wamarekani hukutana na Ulaya nzima. Kila upande una wachezaji 12. Kwa siku tatu huchezwa mechi 28, pointi moja kwa kila mechi, na mechi ikiisha sare kila upande unapata nusu. Kuanzia 2014 hadi 2023 kombe lilichezwa mara tano, na mara zote tano wageni walishindwa. Tuitazame mara moja tu kati ya hizo: Paris, Septemba 2018.

Wamarekani walifika Ufaransa wakiwa na kila sababu ya kujiamini. Mwaka huo wachezaji wao walikuwa wametwaa mataji matatu kati ya manne makubwa: Patrick Reed moja, Brooks Koepka mawili. Tiger Woods alikuwa ametoka kushinda mashindano mjini Atlanta Jumapili iliyotangulia. Nguvu yao kubwa ilikuwa kupiga mbali. Kwenye viwanja vingi vya kwao, anayepiga mbali hulipwa hata mpira ukitoka pembeni kidogo, kwa sababu nyasi za pembeni si adhabu kubwa.

Le Golf National, uwanja wa kombe hilo, ulikuwa umeandaliwa kwa hesabu nyingine. Njia zilibanwa, hasa pale mipira ya wapigaji wa mbali inapotua. Pembeni nyasi ziliachwa zikakua nene, na mashimo ya mwisho yamezungukwa na maji. Aliyepiga mbali akakosa njia alilazimika kuuchomoa mpira kwenye nyasi bila kujua utaruka vipi. Aliyepiga kwa kiasi na kunyoosha alitangulia. Thomas Bjørn, nahodha wa Ulaya, alichagua watu wa uwanja huo. Alimwita Sergio García, ingawa mwaka huo García alikuwa ametolewa mapema katika mataji yote manne makubwa. García alishinda mechi tatu kati ya nne.

Mkasa mzima unaonekana katika siku ya kwanza pekee. Asubuhi ya Ijumaa wageni waliongoza 3-1. Mechi za asubuhi hiyo zilikuwa za wawili kwa wawili, kila mtu na mpira wake, na kwa kila shimo yalihesabiwa matokeo ya aliyefanya vizuri zaidi. Ukipotea kwenye nyasi, mwenzako anakufichia aibu. Mchana mtindo ukabadilika: wawili wanatumia mpira mmoja, wakipokezana mapigo. Sasa kosa la mmoja ndilo zigo la mwingine, maana mpira alioutupa yeye nyasini, mwenzake ndiye anayeupiga kutoka huko. Ulaya ilishinda mechi zote nne. Timu zilikuwa zilezile na uwanja uleule. Kilichobadilika zaidi ni kwamba kosa la kupiga pembeni lilikosa pa kujificha.

Hadi Jumapili jioni Ulaya ilikuwa imeshinda 17.5 kwa 10.5. Mwitaliano Francesco Molinari, asiyesifika kwa kupiga mbali, alishinda mechi zake zote tano. Pointi iliyohakikisha ushindi ilipatikana Mmarekani Phil Mickelson alipoupeleka mpira majini kwenye shimo la 16. Woods, Mickelson na Bryson DeChambeau, watatu kati ya wachezaji walioongezwa kwa chaguo la nahodha wa Marekani, Jim Furyk, hawakupata hata nusu pointi.

Baadaye Reed alilalamika hadharani kuhusu jinsi wachezaji walivyopangwa, na wengi wakasema Wamarekani wameponzwa na mgawanyiko. Lakini malalamiko hayo yalikuja baada ya kushindwa, na timu iliyoshinda huwa haiulizi nani alipangwa na nani. Ushahidi wenye uzito zaidi ni wa Justin Thomas. Kabla ya kombe, yeye ndiye Mmarekani pekee wa kikosi kile aliyekwenda kushiriki mashindano ya wazi ya Ufaransa ya mwaka huo, kwenye uwanja huohuo. Alishinda mechi nne kati ya tano, na hakuna Mmarekani aliyempita.

Je, kupanga uwanja kunatosha? Hapana. Mwaka 2012, kwao Medinah, Wamarekani walikata nyasi za pembeni hadi karibu ziishe ili wapigaji wao wa mbali wawe huru. Ulaya ilikuwa nyuma 10-6 kuingia siku ya mwisho, ikashinda 14.5 kwa 13.5. Mwaka 2025, Bethpage, New York, mwenyeji alirudia hesabu ileile ya nyasi fupi, na wageni wakashinda 15-13. Uwanja uliorahisishwa humrahisishia kila mtu, mgeni akiwemo. Uwanja mgumu ndio unaotenganisha aliyejiandaa kwa ajili yake na asiyejiandaa.

Wamarekani hawajashinda katika ardhi ya Ulaya tangu 1993. Mwaka 2027 kombe litachezwa Adare Manor, Ireland. Swali la kuwauliza kabla hawajapanda ndege si nani kati yao anapiga mbali zaidi, bali ni wangapi watakuwa wameshacheza pale.