Makutano: Stesheni kubwa isiyo na reli

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwenda Embu hupita Thika, Kenol na Makuyu, kisha hufika mahali ambapo barabara hugawanyika. Moja huelekea Sagana, Karatina na Nyeri. Nyingine huingia Mwea, hupita katikati ya mashamba ya mpunga, na kupanda hadi Embu, Chuka na Meru. Mahali hapo huitwa Makutano, na jina lenyewe linajieleza.

Gari linaposimama tu, wachuuzi hulizunguka. Huyu ana ndizi, yule ana maembe, mwingine anasukuma chupa za maji na pakiti za njugu hadi puani mwa abiria. Utingo naye anapiga ubavu wa gari akiita, “Embu! Embu! Wawili wa mwisho!” Abiria akiingia hukuta si wawili tu wanaosubiriwa, bali wanne au watano. Mama mwenye mtoto mgongoni anauliza gari la Kutus liko wapi. Mwanafunzi mwenye sanduku la bati anahesabu sarafu zake mara ya pili.

Huko Japani mambo kama haya hufanyika ndani ya stesheni za gari la moshi. Wakazi wa vitongoji vya miji mikubwa kama Tokyo na Osaka hushuka treni moja na kupanda nyingine wakielekea kazini au shuleni. Stesheni ya Shinjuku mjini Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1885, hupitiwa na zaidi ya watu milioni 3 kwa siku, na inahesabiwa kuwa yenye watu wengi kuliko zote duniani. Ratiba imebandikwa ukutani, na treni huondoka dakika yake ikifika, ijae au isijae.

Watu wa Embu na Meru nao wana stesheni zao za kubadilishia safari. Tofauti ni kwamba hazina reli.

Kwa nini reli haikufika

Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tawi la kuelekea Mlima Kenya lilifika Thika mwaka 1913, likaendelea kupitia Sagana na Karatina hadi Nanyuki mwaka 1930. Hapo likakoma.

Ukitazama ramani utaona kwamba tawi hilo lilishika upande wa magharibi wa mlima. Huko ndiko kulikokuwa na mashamba ya walowezi wa Kizungu, na serikali ya kikoloni ilijenga reli ili mazao yao yafike bandarini. Upande wa mashariki, walikoishi Waembu, Wambeere, Wachuka na Wameru, ulihesabiwa kuwa eneo la Waafrika. Hata Waafrika wa Embu na Meru walipoanza kuruhusiwa kupanda kahawa kwa majaribio katika miaka ya 1930, hawakuwekewa reli. Kahawa yao ilisafirishwa kwa malori.

Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa Embu aliyetaka gari la moshi alilifuata Sagana, na wa Meru alilifuata Nanyuki. Treni ya abiria ya Nanyuki ilikwama kwa muda mrefu, ikarudi mwaka 2020 baada ya njia hiyo kukarabatiwa. Mwaka 2012 mpango wa LAPSSET ulizinduliwa, na ndani yake mna reli ya kutoka Lamu kupitia Isiolo, ambako si mbali na Meru. Reli hiyo haijajengwa. Mzigo wote wa abiria, kahawa, ndizi, miraa na muguka umebaki juu ya barabara.

Matatu yaziba pengo

Pengo hilo lilizibwa na matatu. Inasemekana jina hilo lilitokana na nauli ya zamani jijini Nairobi, yaani mapeni matatu ya senti kumi kumi. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo kubeba abiria bila ya leseni maalumu, na kutoka hapo yakaenea kila pembe ya nchi. Kuna waliozoea Peugeot, kuna waliozoea pikapu zilizofunikwa kwa turubai, na baadaye zikaja Nissan. Bodaboda nazo ziliongezeka mno baada ya kodi ya pikipiki ndogo kupunguzwa mwaka 2008, na sasa ndizo zinazommalizia msafiri safari yake kutoka barabara kuu hadi mlangoni.

Mji wa Embu ndio kituo kikuu cha kubadilishia. Hapo hushuka wanaokwenda Runyenjes, Siakago, Kiritiri, Manyatta na Kutus. Chuka na Nkubu hufanya kazi kama hiyo mbele ya safari. Ukifika Meru kuna Makutano nyingine, kitongoji kilicho mwendo mfupi kutoka katikati ya mji, ambako magari ya kuelekea Nanyuki na Isiolo huchukua abiria.

Hapa msomaji aangalie. Makutano ya Meru si ile ya karibu na Sagana, na zote mbili si ile ya upande wa Machakos wala ile ya Kapenguria. Mgeni akiambiwa “shuka Makutano” bila ya maelezo zaidi anaweza kujikuta wilaya nyingine kabisa, jua limezama na nauli imekwisha.

Biashara ya wanaongoja

Popote watu wanapongoja gari, biashara huota. Japani iliona hivyo zamani. Mwaka 1929 kampuni ya reli ya Hankyu ilifungua duka kubwa la ghorofa katika stesheni yake ya Umeda mjini Osaka, ili abiria anayebadilisha treni anunue nguo na kula chakula kabla ya kufika nyumbani. Mama muuza ndizi wa Makutano hana ghorofa, lakini hesabu yake ni ile ile. Anajua gari la Nairobi litasimama kwa muda gani, na anajua kwamba mtu aendaye kumsalimu mama mkwe haingii boma la watu mikono mitupu. Huko Mwea, mchele wa pishori huuzwa kando ya barabara kwa sababu hiyo hiyo.

Lakini kungoja huku kuna upande wake mchungu. Kwa kawaida dereva wa matatu humpa mwenye gari kiasi fulani cha pesa kila siku, ambacho wenyewe hukiita hesabu. Kinachozidi, baada ya mafuta, ndicho chake na utingo wake. Akiondoka na viti vitupu anakula hasara, kwa hiyo hungoja gari lijae. Saa nzima ikishapotea kituoni, huitafuta barabarani. Abiria anayelalamika kwamba gari linakaa mno kituoni na yule anayelalamika kwamba linakimbia mno wanalalamikia jambo moja.

Daraja la Nithi

Barabara ya Embu kwenda Meru haimsamehe mwenye haraka. Mito mingi hushuka kutoka mlimani, na barabara inabidi iteremke kila bonde, ivuke daraja, kisha ipande tena. Mto Thuci ni mpaka wa Embu na Tharaka Nithi. Mbele yake, baada ya Chuka, uko mto Nithi, penye mteremko mrefu na kona kali karibu na daraja. Gari zito likiteremka kwa breki tupu, breki hupata moto na kupoteza nguvu. Ndiyo maana madereva wazoefu hutia gia ndogo kabla ya mteremko kuanza.

Jioni ya Julai 24, 2022, basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia katika bonde la Nithi na watu zaidi ya 30 wakafa. Haikuwa ajali ya kwanza hapo. Kilio cha kutaka barabara ielekezwe upya kilisikika tena.

Sheria hazikosekani. Kanuni zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Zilitaka kila kiti kiwe na mshipi, gari liwe na kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 80 kwa saa, na dereva na utingo wavae sare. Wakati huo watu walistaajabu kuona matatu yasiyosimamisha abiria. Baadaye wenye magari walitakiwa kujiunga na vyama vya ushirika. Kinachopungua mara nyingi ni abiria kuzidai haki hizo akiwa ndani ya gari.

Wakati wa kufungua shule

Wiki ya kufungua shule ndiyo mtihani mkubwa. Watoto wa Kangaru, Chogoria Girls, Kaaga Girls na Meru School huwa barabarani siku moja, pamoja na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Embu, Chuka na Meru. Nauli hupanda, na mtoto aliyepewa pesa kamili hukwama katikati ya safari. Mzazi mwenye busara hufanya mambo machache.

Kwanza, humtoa mtoto nyumbani asubuhi, ili akikawia kituoni bado kuwe na mchana. Pili, humgawia nauli kwa vipande vya safari, na kumwongezea akiba ambayo haionyeshi mbele ya watu. Tatu, humwandikia jina kamili la mahali pa kushukia, na kuandika namba ya gari. Leo kuna simu na M-Pesa, kwa hiyo nauli inaweza kulipwa na mzazi mwenyewe na utingo akajua kwamba mtoto huyo ana mtu anayemfuatilia.

La mwisho ndilo gumu. Mfundishe mtoto kufunga mshipi bila ya kuona haya, na kusema, “Dereva, tafadhali punguza mwendo,” hata kama watu wazima wamenyamaza. Wazee walisema kawia ufike. Yule anayengojewa Chogoria au Kaaga hataulizwa amechukua saa ngapi njiani, bora tu afike.